TAHADHARI: "GTX 1050 Ti" ya laki mbili na themanini wanayouziwa wenye kompyuta za zamani

Ndugu zangu wa Kampala, Bombo, Wobulenzi na popote mnapopokea mizigo kwa taksi, kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook akiwatafuta watu ambao gemu zinawagandia. Maneno yake ni yale yale kila mara: kompyuta ya zamani, FIFA inakwama, GTA haifunguki, usinunue mashine mpya, weka kadi ya grafiki (ile inayochora picha za gemu kwenye skrini) ya GTX 1050 Ti ya 4GB usahau shida. Bei ni laki mbili na themanini. Pesa unatuma kwa simu kwanza, mzigo unaletwa na boda au unawekwa kwenye taksi. Kadi inayokufikia si 1050 Ti. Ni kadi ya mwaka 2010 au 2011 iliyoandikwa upya BIOS, yaani programu ndogo ya ndani ya kadi, ili ijitambulishe kwa jina la nyingine.

Jina na namba yake siweki hapa. Laini anazibadilisha, na namba ya leo keshokutwa huenda ikawa mikononi mwa mtu asiyemjua wala asiyewahi kuona kadi ya grafiki. Shikeni mbinu zake, hizo hazibadilishi.

Mimi natengeneza kompyuta hapa Bombo. Kadi ya kwanza ya aina hii niliiona kwa kijana wa jirani mwenye Dell OptiPlex 7010, zile za ofisini zinazoingia kutoka Ulaya zikiwa zimetumika. Alikuja nayo begani akasema, "Mjomba, niangalizie, nimeweka kadi mpya na gemu zimekuwa nzito kuliko mwanzo." Baada yake wakaja wengine, na kadi zao zimetoka kwenye mfuko ule ule wa fedha usio na jina la kampuni yoyote.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kila kadi ya grafiki ina BIOS yake ndani ya chipu ndogo, na Windows husoma humo kadi ni ipi. Ukiandika jina jingine humo, Windows italiamini, na ukifungua Device Manager, ile orodha ya vifaa vya mashine, utakuta limeandikwa GTX 1050 Ti kabisa. Lakini chipu kubwa inayofanya kazi haijaguswa. GTS 450 ya mwaka 2010 na GTX 550 Ti ya 2011, ambazo ndizo hutumika sana kwa utapeli huu, zina kori 192, yaani vile vitengo vidogo vinavyopiga hesabu za picha. GTX 1050 Ti halisi, iliyotoka Oktoba 2016, ina kori 768. Kumbukumbu nayo huandikwa 4GB wakati iliyopo kwenye ubao ni 1GB.

Ndiyo maana mwanzoni mambo huonekana mazuri. Menyu ya gemu inafunguka, unafurahi, unamwandikia muuzaji "asante sana ssebo" (bwana), naye anaupiga picha ujumbe wako na kuuweka kwenye tangazo lake kama ushahidi. Ukiingia uwanjani sasa, rangi zinachanika, skrini inakuwa nyeusi, au mashine inajizima. Gemu imeambiwa kuna 4GB, imejaribu kuweka vitu mahali pasipokuwepo.

Utapewa na draiva, programu inayoiwezesha Windows kuiendesha kadi, kwenye flashi au kiungo cha kupakua, pamoja na onyo kali kwamba usiiapdeti hata Windows ikikuomba. Hilo peke yake lingetosha kumkimbiza mtu. Draiva ile imechezewa ili ikubali kadi ya zamani yenye jina jipya. Ukiweka draiva rasmi ya NVIDIA, kampuni yenye chipu hizi, inaona jina la 1050 Ti, inajaribu kuiendesha kama 1050 Ti, na matokeo yake ni skrini ya bluu au alama ya njano na "Code 43" kwenye Device Manager. Kadi hizo za kizazi cha 2010 NVIDIA iliacha kuzitolea draiva za kawaida mwaka 2018, kwa hiyo hata ukijua ukweli na kuirudisha kwenye jina lake la haki, gemu nyingi za sasa hazitaitaka.

Kuna jambo moja linalowanasa watu wetu kuliko yote, nalo ni tundu la VGA. Wengi hapa monita zetu ni za mitumba, kebo ni ile ya bluu yenye skrubu mbili. Muuzaji anasema, "Na yangu ina VGA, huhitaji adapta," nawe unaona umepata bahati. Kizazi cha GTX 10 kiliondoa kabisa njia ya VGA ndani ya chipu. Kadi halisi ya 1050 Ti kwa kawaida ina DVI-D, HDMI na DisplayPort. Ukitaka kuitumia na monita ya VGA unanunua adapta inayogeuza mawimbi, na zile adapta rahisi za DVI kwenda VGA haziingii, kwa sababu DVI-D haina vile vipini vinne vinavyozunguka ule ubapa. Ukiona "1050 Ti" yenye tundu la bluu la VGA, rudisha pesa mfukoni.

Umeme nao unasema. 1050 Ti inakula wati 75, na nyingi zinazipata zote kwenye sloti bila waya wa ziada. GTS 450 hula wati 106, GTX 550 Ti wati 116, zote zinadai waya wa pini sita. Zipo 1050 Ti halisi zenye tundu la pini sita, kwa hiyo usimwite mtu mwizi kwa hilo tu. Lakini yule kijana alipewa kebo ya kuunganisha kutoka kwenye waya za diski, kwa sababu pawasaplai ya OptiPlex yake ni ya wati 275 na haina pini sita. Gemu ikipamba moto mashine inazima puu! Muuzaji akamwambia ni umeme wa Bombo, anunue stabilaiza. Na stabilaiza, banange, yeye pia anauza.

Kipimo kisichobishaniwa ni programu inayoitwa GPU-Z, ya bure, ichukueni kwenye tovuti ya TechPowerUp na si kwenye flashi ya muuzaji. Haihitaji hata kusakinishwa, unaibofya tu inafunguka. Tangu mwaka 2018 inazitambua kadi za NVIDIA zilizobadilishwa jina, na inaandika neno FAKE mbele ya jina la kadi. Tazama pia pale palipoandikwa Shaders, ndizo zile kori: ukikuta 192 badala ya 768, na Technology ni 40 nm badala ya 14 nm, mjadala umeisha. Picha ya GPU-Z aliyokutumia muuzaji kwenye simu usiihesabu. Kuhariri picha ni dakika mbili. Nenda na flashi yako, kadi iwe ndani ya mashine inayowaka, uione kwa macho yako, kisha utume pesa. Akikwambia hana mashine ya kujaribia, mtu anayeuza kadi za kompyuta hana kompyuta, mnaelewana hapo.

Nikimwambia mtu haya, swali linalofuata ni, "Sasa nikanunue wapi iliyo halali?" Mimi namrudisha nyuma kwanza. Nani amekwambia tatizo lako ni kadi? Muuzaji huyu hapimi kitu. Anakuuliza una gemu gani, hakuulizi prosesa, RAM, ukubwa wa kasha wala pawasaplai. Kasha zile nyembamba za ofisini hata kadi yenyewe haiingii kwa urefu, lazima iwe ya kimo kifupi, naye hata hilo hakuulizi.

Fungua gemu, cheza kidogo, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, uangalie ukurasa wa Performance. Diski ikiwa imesimama kwenye asilimia 100 muda wote, na taa ya mashine haipumziki, ugonjwa ni ile hadi diski (hard disk) ya zamani au RAM iliyojaa. Hadi diski husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ile ya kawaida ya SATA hufika karibu 500. SSD haitaongeza fremu za mchezo, yaani idadi ya picha kwa sekunde, sitawadanganya, lakini kule kuganda unapoingia mtaa mpya na kungoja gemu ifunguke kutapungua sana. RAM ya 4GB ikiwa imejaa, weka 8GB, na kama unatumia grafiki ya ndani ya prosesa weka vijiti viwili vya 4GB badala ya kimoja cha 8GB, kwa sababu grafiki ya ndani inakopa RAM na vijiti viwili vinaipa njia pana zaidi.

Kipimo ninachokipenda mimi hakina gharama. Shusha ukubwa wa picha ndani ya gemu, kutoka 1080 hadi 720. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa inalemewa. Zisipopanda, prosesa ndiyo inayokokota, na hapo hata ukinunua kadi ya milioni unamwaga maji kwenye gunia. Mwenye prosesa ya zamani ya Core 2 Duo asitume pesa kwa mtu yeyote anayemuahidi muujiza.

Joto nalo. Mashine za mitumba zina vumbi la miaka, na pesti kati ya prosesa na feni imekauka kabisa. Prosesa ikipata joto kali hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na wewe unaona gemu iliyoanza vizuri ikizidi kuwa nzito baada ya robo saa. Kufuta vumbi na kuweka pesti mpya ni kazi ndogo kwa fundi yeyote. Na, tafadhali, ukishaweka kadi halisi, hakikisha kebo ya monita imechomekwa kwenye kadi. Wapo waliolipa laki kadhaa na kebo bado iko kwenye tundu la zamani la ubao mama.

Muuzaji huyu ana na kamba ya pili. Ukikosa pesa ya kadi anakuuzia "programu ya kuongeza RAM" au ya kusafisha mashine, imevunjwa ufunguo tayari. RAM haiongezwi kwa programu. Na kabla ya kuiweka anakutaka uzime kinga ya virusi, na ukishazima hujui tena nani anaitumia prosesa yako usiku. Siku hizi ameongeza kutisha watu kwamba Windows 10 imekufa ndiyo maana gemu zinakwama. Ni kweli Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 2025, na hilo lifikirie kwa ajili ya usalama wako. Halikupunguzii fremu hata moja.

Aliyekwisha kutapeliwa asifute mazungumzo. Piga picha ya tangazo, ujumbe unaosema "1050 Ti 4GB", risiti ya pesa ya simu, kadi yenyewe pande zote mbili, na skrini ya GPU-Z. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya Uganda ya mwaka 2017 inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na hii hailingani. Ripoti polisi, hasa ukiwa na jina lililotokea ulipotuma pesa. Ukijua anapopatikana, kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani kwa kesi zisizozidi shilingi milioni 10, na huhitaji wakili. Yule kijana wa OptiPlex ameanzia polisi. Kadi hajairudisha na nimemkataza, kwa sababu ikishatoka mkononi mwake ushahidi umetoka nayo.

Nayasema haya ya kutorudisha kadi kwa sababu muuzaji amesikia watu wanalalamika na amebadilisha jibu. Sasa anakuwa mpole, anakuita kaka, anasema kundi lile la kadi lilikuwa bovu hata yeye aliuziwa, mrudishie na uongeze elfu themanini akupe GTX 1650. Aliyeongeza mmoja nimeshamwona. Hiyo "1650" niliipima kwa GPU-Z mbele yake: 1650 halisi ina kori 896, yake ina 192, na tundu la VGA liko pale pale.