Boriti za Mbao: Ipi Inunuliwe Kwanza, na kwa Kiungo Gani

Anayenunua boriti huuliza urefu na unene, kisha hulipa. Swali linalostahili kutangulia ni namna boriti hiyo itakavyounganishwa na nguzo au na boriti nyingine, kwa sababu mbao inayofaa kufungwa kwa bolti si lazima ifae kuchongwa tundu na ulimi, yaani ncha iliyopunguzwa ya mbao moja (ulimi) kuingia katika shimo la nyingine (tundu). Nimezipanga boriti kwa kuzingatia hilo.

Nafasi ya kwanza naipa boriti ya mbao nzima iliyokauka vizuri. Mbao husinyaa kwa upana na unene, ilhali kwa urefu karibu haisinyai kabisa. Ndiyo maana ulimi uliochongwa katika mbao mbichi hupungua kadiri unavyokauka, ukalegea ndani ya tundu lake hata kama seremala aliuchonga kwa ustadi mkubwa. Omba boriti ipimwe kwa kipima unyevu, na kama ni ya kubeba mzigo usikubali zaidi ya asilimia 20, kwa kuwa juu ya hapo kuvu wanaoozesha mbao huanza kupata nafasi. Kisha itazame kutoka ncha moja hadi nyingine uone kama imepinda au imejisokota, na ufuate mwelekeo wa nyuzi, maana nyuzi zinazokatiza kwa mshazari hupunguza nguvu sana. Fundo (alama ya mahali tawi lilipoota) dogo lililoshikamana katikati ya kimo, yaani urefu wa boriti kutoka ukingo wa chini hadi wa juu, halina madhara makubwa. Fundo kubwa kwenye ukingo wa chini, katikati ya urefu, ni sababu ya kuikataa boriti, kwani hapo ndipo nyuzi huvutwa zaidi mzigo unapokaa juu. Kwa sababu hiyohiyo, fundi asiruhusiwe kuchonga pengo lolote mahali hapo.

Kuhusu vipimo, nunua kimo kabla ya upana. Boriti ya milimita 50 kwa 200 ina mbao sawasawa na ile ya 100 kwa 100, lakini ikisimamishwa kwa ukingo wake hustahimili kupinda mara 4 zaidi, mradi izuiwe isilale upande. Ni jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi, nao hulipia upana usiowasaidia.

Boriti ya tabaka zilizogandishwa kwa gundi naiweka ya pili, na kwa nafasi pana isiyo na nguzo katikati ningeitanguliza. Haijisokoti kwa urahisi, na kasoro za tabaka moja hufidiwa na tabaka nyingine. Hata hivyo imeundwa kwa ajili ya vibebeo vya chuma na bolti, na kuichonga bila hesabu ya mhandisi ni kukata tabaka zile zile ulizozilipia. Ikiwa itakaa nje, hakikisha gundi yake ni ya kustahimili maji.

Ya tatu ni mbao mbili zilizobanwa pamoja kwa bolti. Zikikaa ubavu kwa ubavu, zote zikiwa zimesimama, nguvu zake hujumlishwa. Zikilazwa moja juu ya nyingine bila gundi, huteleza kila moja kivyake na hazifanyi kazi kama boriti moja yenye kimo maradufu.

Kwa viungo vya kuchonga, tundu na ulimi ndicho cha kwanza penye nguzo. Ulimi wenye theluthi moja ya unene wa mbao hutosha kwa kawaida. Mkia wa njiwa, yaani ulimi unaopanuka kuelekea ncha, unafaa pale boriti inapoelekea kuvutwa itoke. Kiungo cha nusu kwa nusu, ambapo kila mbao hukatwa nusu ili zipandane, ni rahisi kukata, lakini huondoa nusu ya kimo, hivyo kitumike juu ya nguzo au ukuta tu.

Boriti mbichi ni ya mwisho, kwa kuwa hata misumari hulegea inapokauka. Ukilazimika kuinunua, ipange juu ya vijiti mbali na ardhi, funika juu, acha pande wazi, na upake rangi kwenye ncha ili zisipasuke.