Uzoefu wangu wa kusoma One Piece: wafu ndio walioshika usukani

Nimeisoma One Piece, manga (hadithi ya vibonzo ya Kijapani) ya maharamia, kwa miaka mingi, zamani kwa kuazima juzuu, siku hizi kwenye simu kupitia programu ya Manga Plus. Wanaoisifia kwa kawaida husifia mapigano na vichekesho. Mimi nataka kuwazungumzia waliokufa, kwa sababu naamini wao ndio wanaoiendesha safari nzima, na sijakutana na hadithi nyingine ndefu inayowaheshimu marehemu wake namna hii. Kwa ambaye hajaianza, natoa tahadhari mapema: nitataja vifo, na baadhi ni vizito.

Ni manga ya Eiichiro Oda, iliyoanza Julai 1997 katika jarida la Kijapani la Weekly Shonen Jump. Juzuu zimeshapita 100 na bado inaendelea. Mhusika mkuu ni Luffy, kijana anayetaka kuwa mfalme wa maharamia. Lakini kinachowasha moto wote ni kifo cha mtu mwingine. Gol D. Roger, mfalme wa maharamia aliyemtangulia, anauawa hadharani katika mji wa Loguetown. Serikali ilitaka watu waone na watiwe adabu. Yeye, akiwa amebakiza pumzi chache, akatangaza kwamba hazina yake yote ameiacha mahali, anayeitaka akaitafute. Kila mwenye chombo akatweka tanga. Luffy anapoanza safari, Roger ana zaidi ya miaka 20 kaburini, na bado karibu kila bandari tunamkuta mtu aliyewahi kusafiri naye: Crocus mlinzi wa mnara wa taa, Rayleigh aliyekuwa msaidizi wake, Buggy, na Shanks. Hata kofia ya nyasi anayoivaa Luffy ilianzia kichwani kwa Roger, ikapita kwa Shanks, ndipo ikamfikia mtoto. Msomaji haambiwi hilo mwanzoni. Ukishalijua ukarudi kusoma sura ya kwanza, pale Shanks anapomvisha Luffy ile kofia, unaona mkono wa mtu wa tatu ambaye hayumo kwenye picha.

Hapo ndipo Oda anaponikosha. Kwake marehemu harudi usiku kama mzimu kuja kutoa ushauri. Anabaki kupitia vitu alivyoacha na deni aliloacha. Zoro, mpiga panga wa kundi la Luffy, ana panga jeupe lililokuwa la Kuina, binti aliyemshinda mara 2,001 walipokuwa watoto, kisha akafa kwa kuanguka ngazi muda mfupi baada ya wote wawili kuahidiana kwamba mmoja wao atakuwa mpiga panga bora duniani. Kuanguka ngazi tu. Hakuna adui wa kulipiziwa kisasi, kwa hiyo Zoro hana la kufanya isipokuwa kuitimiza ahadi kwa niaba ya wawili.

Msichana aitwaye Nami, mwongoza njia wa meli ya Luffy, ana michenza. Jamani, niacheni niseme kidogo hapa. Mama yake mlezi, Bellemere, alikuwa askari wa majini aliyestaafu akawa mkulima wa machenza, maskini kweli kweli, akilea wasichana wawili wasio wa damu yake. Maharamia wa Arlong wanavamia kisiwa na kutoza kodi ya uhai: beri (pesa za humo hadithini) 100,000 kwa mtu mzima, 50,000 kwa mtoto. Bellemere akihesabu vyote alivyonavyo, anapata 100,000. Wanakijiji wanajaribu kuwaficha wale mabinti ili yeye ajilipie mwenyewe na kupona. Ilikuwa rahisi, angenyamaza tu. Yeye anasema hizo pesa ni za watoto wake wawili, kwa sababu hawezi kukana kwamba ana familia. Anapigwa risasi mbele yao. Miaka baadaye Nami anapoondoka na Luffy, anapakia miche ya michenza ya mama yake melini, na hata chombo kinapobadilishwa, michenza inahamia kwenye chombo kipya. Oda hahitaji kumtaja Bellemere tena. Kila unapoona matawi yale nyuma ya sitaha, na Sanji, mpishi wa meli, akizuia wenzake wasiyachume hovyo, unajua mama yumo melini.

Kisa kingine kilichonikalisha kimya ni cha Brook. Huyu ni mifupa mitupu inayotembea, mwanamuziki aliyefufuka kwa nguvu ya tunda la ajabu baada ya wenzake wote kufa. Walishambuliwa kwa silaha zenye sumu, na walipoona hakuna atakayepona, wakaamua kuimba kwa mara ya mwisho na kuirekodi sauti kwenye kombe, ili siku moja imfikie Laboon, nyangumi waliyemwacha akiwasubiri. Ukisoma kurasa zile unawaona wanaimba wote, kisha mmoja anaanguka, kisha mwingine, wanabaki wanne, watatu, wawili, mwisho Brook peke yake. Manga haina sauti, lakini hesabu ile inasikika. Na Laboon tulikuwa tumeshakutana naye zamani, akigonga kichwa mlimani akiwasubiri watu wake. Kati ya kumfahamu nyangumi na kumfahamu Brook ilipita miaka kadhaa ya uchapishaji. Mwandishi alilibeba deni hilo muda wote huo bila kulisahau.

Kuna daktari mmoja, Hiluluk, aliyemlea Chopper, tabibu wa meli ya Luffy, anayesema wazi imani ambayo naona imebeba kitabu chote: kwamba mtu hafi kwa risasi wala kwa ugonjwa, hufa anaposahauliwa. Niliposoma hapo nilimkumbuka John Mbiti, mwanafalsafa wetu wa Kenya, aliyeandika kwamba marehemu anayekumbukwa kwa jina na watu waliomfahamu bado yumo miongoni mwa walio hai, na hutoweka pale mtu wa mwisho aliyemjua naye anapofariki. Sidai kwamba Mjapani huyu amemsoma Mbiti. Nasema tu kwamba msomaji aliyekulia kwetu, ambako mtoto hupewa jina la babu ili jina lisipotee, ataingia kwenye hadithi hii bila kubisha hodi.

Sasa kasoro, maana zipo. Oda ni mkarimu mno kwa wahusika wa wakati uliopo. Pell, mlinzi wa kifalme, anaruka na bomu angani, tunamlilia, kisha anarudi akiwa mzima. Sabo tuliaminishwa alikufa utotoni, kumbe yuko hai. Saul naye vivyo hivyo, tena baada ya miaka mingi sana. Kila mmoja anaporudi nafurahi kwa dakika chache, halafu naona kifo kijacho kimepungua uzito. Vifo vya kweli anavihifadhi kwenye visa vya nyuma, hadi nikaanza kukisia mapema kwamba kila mama mwema anayetabasamu kwenye kumbukumbu hatavuka sura tano.

Ndiyo maana kifo cha Ace, kaka wa kiapo wa Luffy, kilichochapishwa 2010, kiliwapiga wasomaji vibaya. Kilitokea katika wakati uliopo wa hadithi, mikononi mwa Luffy, baada ya juhudi zote za kumwokoa. Na muda si mrefu Whitebeard, haramia mzee aliyekuja kumwokoa Ace, kabla ya kufa akiwa amesimama, anautangazia ulimwengu kwamba hazina ya Roger ipo kweli. Serikali ikajikuta imerudi palepale pa Loguetown: mzee amekufa, na maneno yake yamefungulia maharamia wengine bahari.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni manga kabla ya anime, yaani toleo la katuni za video. Anime ina muziki mzuri, lakini inavuta sana na kurudia kumbukumbu zilezile mpaka machozi yanakauka. Kwenye Manga Plus sura tatu za mwanzo na tatu za karibuni husomwa bure, kwa Kiingereza au Kifaransa, na sura mpya hutoka Jumapili saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, isipokuwa wiki ambazo mwandishi amepumzika. Asiyependa kusoma aanze na toleo la waigizaji la Netflix la mwaka 2023, lililopigwa Cape Town. Kisa cha Bellemere kimo. Mzazi ajue kwamba kuna damu na mauaji, si ya mtoto wa chekechea.

Mimi nabaki nikisubiri jambo moja. Roger aliwahi kuwaambia watu wake ndoto yake, na Luffy naye ameitaja ya kwake mbele ya mabaharia wake, lakini maneno yenyewe sisi wasomaji bado tumefichwa. Wale waliosikia zote mbili wanasema ni ndoto ileile.