Maji ya moto Goma: ununue nini, uache nini

Kama una nyumba ya wageni au kliniki hapa Goma na muuzaji amekuletea habari za pampu ya joto ya ardhini, msikilize, lakini usitoe pesa bado. Mashine yenyewe ni nzuri. Haitengenezi joto, inalihamisha: maji huzunguka ndani ya mabomba yaliyofukiwa, huchukua joto la udongo, kisha kompresa hulipandisha. Kwa uniti moja ya umeme unapata tatu au nne za joto.

Kule Ulaya pampu hii inalipa kwa sababu wakati wa baridi hewa hushuka chini ya sifuri huku udongo ukibaki na nyuzi kama 10. Kwetu hewa haishuki hadi sifuri hata alfajiri, basi faida ya kuchimba ni ndogo. Wala usidhani utapata joto la bure la volkano. Pampu hii hutumia joto la kawaida la udongo. Na ukichimba utakutana na mawe ya volkano ya Nyiragongo, yale yaliyoshuka hadi katikati ya mji 2002. Penye mazuku, yaani mahali ardhi inapotoa gesi ya kaboni dioksidi, gesi hiyo nzito hujikusanya shimoni na kumuua mchimbaji. Kwa hiyo pampu ya ardhini naiweka ya mwisho.

Ya kwanza ni sola ya maji ya kuwekwa juu ya paa. Hapa kusini mwa ikweta ielekee kaskazini, kwa mwinamo mdogo. Chagua yenye tangi lililofungwa vizuri lisipoteze joto, na yenye kipasha cha umeme ndani kwa siku za mawingu. Majivu ya volkano yakitua, yaoshe mapema.

Ya pili ni pampu ya joto inayovuta hewa. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 50 kunahitaji uniti 7 hivi. Pampu hii hutumia kama 2. Fundi mzuri wa friji anaielewa. Nunua pamoja na stabilizeta, maana umeme unaopanda na kushuka huharibu kompresa.

Ya tatu, tangi la umeme la kawaida: bei nafuu dukani, lakini zile uniti 7 utazilipa zote. Linafaa nyumba ya watu wachache.

Makala, yaani makaa ya miti, siyapangi kabisa. Yanamaliza msitu wa Virunga, na moshi wake ndani ya chumba kilichofungwa unaua.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: vipuri viko Goma, au vinasubiriwa kutoka Kampala?