Utambi, chungu au dripu? Vifaa vya kununua ili miche ijinyweshe

Kaskazi ikishika, kikopo cha mche kilichomwagiliwa alfajiri huwa kimekauka adhuhuri, nawe uko kazini. Vifaa vya kuifanya miche ijinyweshe havina bei kubwa, na vingi utavipata kwenye masoko yetu ya Mombasa, Kongowea au Marikiti. Navipanga hivi, kuanzia kinachostahili pesa zako.

Namba moja ni chupa na utambi. Chupa ya soda ya lita mbili hukatwa katikati, kifuniko kikatobolewa na kupitishwa utambi, kisha nusu ya juu ikapinduliwa, ikatiwa udongo wa mche, na kukaa ndani ya nusu ya chini yenye maji. Chupa ni ya bure, kwa hivyo pesa zitie kwenye utambi. Kamba ya pamba hunywa maji vizuri ila huoza baada ya miezi michache. Kwa mche wa nyanya au pilipili utakaohamishwa mapema, hilo si neno. Kwa mmea utakaokaa, tafuta nailoni laini ya nyuzi nyingi, si ile ngumu ya kuanikia nguo. Omba kipande, chovya ncha majini: unyevu ukipanda urefu wa kidole kwa dakika chache, lipa. Ukigoma kupanda, mrudishie mwenyewe. Ukishapanda mche, mwagilia kwa juu mara ya kwanza, la sivyo utambi hautashika kazi.

Cha pili ni chungu cha udongo kisichopakwa rangi wala vanishi. Hufukiwa hadi shingoni kando ya mmea na kujazwa maji. Udongo ukikauka huyavuta kupitia vitundu vidogo vya chungu, ukilowa huacha. Wachina waliujua ujanja huu zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Dukani, dondoshea tone la maji kwa nje. Likinyonywa, chukua, likiteleza, hicho ni pambo la sebuleni. Kinafaa mpapai au mlimau ndani ya ndoo kubwa. Kwenye trei ya miche hakina pa kukaa.

Wengi wetu twatumia maji ya kisima, nayo yana chumvi. Chumvi huziba chungu, na kwenye utambi hujikusanya juu ya udongo kama ukoko mweupe. Mara mojamoja mwagia kwa juu maji matamu ya mtungi mpaka yatoke chini.

Na mbu! Yule anayeeneza dengi na chikungunya hupenda maji yaliyotulia kwenye vyombo vya nyumbani, na yai lake huwa mbu kamili kwa wiki moja au zaidi kidogo. Mombasa ilikumbwa na chikungunya mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018. Chungu kiwe na kifuniko, na mwanya wa chupa uzibe kwa kipande cha chandarua kuukuu.

Cha tatu, mpira wa dripu wa duka la dawa, mpya, ukining'inizwa na chupa. Kigurudumu chake hupunguza matone vizuri, lakini kila mmea wataka mpira wake, na takataka kidogo tu huuziba. Maji yakipungua chupani nayo matone hupungua.

Chupa iliyopinduliwa na kuchomekwa udongoni naiweka mwisho. Kwenye udongo wetu wa kichanga humwaga yote haraka, miche michanga ikaoza shingo. Ukisafiri siku mbili, mwombe jirani.