Nimeona moto ndani ya Kosineli! Buji ya kioo, Colortune

Jambo wandugu, jambo Bukavu! Leo msiruke hata sekunde moja: tunachungulia ndani ya silinda huku moteri inazunguka. Hii hapa Colortune, buji yenye dirisha la kioo. Vipimo sivitaji, mjue tu nyuzi zake ni za milimita 14, kwa hiyo kwenye Kosineli yangu, yaani Volkswagen Beetle, inaingia vizuri.

Moteri ni ile ya 1600, karbirateri, ile inayochanganya esansi na hewa, ni Solex 34 PICT-3. Imeshapata moto, choki imefunguka yote. Narekodi usiku ili rangi ionekane.

Tazameni kwenye hiki kioo kidogo. Njano, karibu ya machungwa! Esansi imezidi hewa. Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na fundi aliniachia skrubu ya mchanganyiko kwenye zamu mbili na nusu za kitabuni. Miezi miwili nasugua buji zenye masizi kama sufuria ya makala!

Leteni turunevisi. Siyo kwenye skrubu kubwa, ile ni ya mwendo wa ralanti, moteri ikizunguka bila kukanyaga akselereta. Hii ndogo, ya mchanganyiko. Naingiza robo zamu… bado njano. Kidogo tena… polepole… Hiyo! Buluu! Buluu ya jiko la gazi! Sikieni ilivyotulia. Nikizidisha, ona, inapauka, moteri inakohoa. Hapo hewa imezidi, silinda inapata joto kali, na moteri inayopozwa na upepo haivumilii joto hilo. Narudisha nje… buluu. Jamani, nimeishi na hili gari miaka yote hiyo kwa kusikiliza tu!

Wengine mnaniambia ninunue kipima moshi. Kizuri, lakini bei yake, mama yangu! Hata hii, kuileta mpaka hapa kumenigharimu kuliko buji yenyewe.

Mwanzoni nilitaka kuipa kumi kwa kumi. Naipa nane. Skrubu hii inatengeneza ralanti tu; ukipanda mtaa wa Kadutu hapa Bukavu kwa gia ya pili, anayepima esansi ni jikleri kuu, kile kitundu cha esansi ndani ya karbirateri. Yangu ni ya namba 127.5, nimeagiza ndogo zaidi, video yake inakuja.

Sasa narudisha ralanti kwenye mizunguko 850 kwa dakika halafu nazima, kioo hiki hakitaki kukaa motoni muda mrefu. Ikipoa, tunahamia silinda ya pili.