Google Sites kwa potfolio ya mwanafunzi: tathmini baada ya misimu mitatu Moshi

Kwa misimu mitatu ya maombi ya mafunzo kwa vitendo nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wa vyuo hapa Moshi kutengeneza tovuti zao binafsi za kuonyesha kazi, yaani potfolio, na huduma tuliyoitumia zaidi ni Google Sites. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mwanafunzi anayejiuliza aanzie wapi, na kwa mwalimu anayetaka kumwongoza, kwa sababu nimeiona huduma hii ikiwafaa sana vijana, na nimeiona pia ikimwacha mtu mikono mitupu siku aliyoitegemea.

Upande wa gharama sina malalamiko. Mwenye akaunti ya Gmail halipi chochote, na tovuti yake hupewa anwani inayoanza na sites.google.com/view/ ikifuatiwa na jina atakalolichagua mwenyewe. Anwani hiyo ni ndefu, lakini ukurasa wenyewe unabaki safi, tofauti na WordPress.com au Wix, ambako anayetumia kifurushi cha bure hubebeshwa matangazo. Atakayepata fedha baadaye anaweza kununua anwani yake mwenyewe, kwa mfano inayoishia na .me.tz, ambayo hapa nchini imetengwa kwa ajili ya watu binafsi, kisha akaiunganisha na tovuti hiyohiyo.

Sifa kubwa ya Google Sites ni kwamba haimchoshi mwanafunzi kwa mambo ya ufundi, hivyo nguvu zake zote zinakwenda kwenye kazi yenyewe. Nitamtaja kijana mmoja aliyesoma mambo ya umwagiliaji, ambaye alikuja na ukurasa wa mbele uliojaa picha yake kubwa akiwa amevaa suti, na chini yake maneno kwamba yeye ni mchapakazi na mwaminifu. Nilimwuliza amewahi kufanya nini kwa mikono yake. Akafungua simu akanionyesha picha za mfongo, yaani mfereji wa asili wa umwagiliaji, wa kijijini kwao Uru, ramani aliyoichora kwa penseli kwenye karatasi ya daftari, na jedwali la vipimo: alikuwa amedondosha jani la mparachichi majini na kuhesabu, kwa saa ya simu, sekunde linazochukua kupita mita kumi, asubuhi na jioni, sehemu tano tofauti za mfongo huo. Mchana mmoja ulitosha. Tuliondoa picha ya suti, tukaiweka ramani juu, jedwali chini yake, kisha akaandika aya tatu akieleza kwa nini maji yanapungua kabla ya kufika mashamba ya chini na yeye angependekeza nini. Hakuandika hata mstari mmoja wa kodi, yaani maandishi ya programu za kompyuta. Alikuwa akivuta picha na kuziachia mahali anapozitaka.

Sasa kasoro, na ya kwanza ndiyo iliyotusumbua kuliko zote. Faili unalolichukua kutoka Google Drive na kulipachika kwenye tovuti linabaki na ruhusa zake lenyewe. Ukiichapisha tovuti kwa watu wote huku faili likiwa bado la kwako peke yako, wewe utaliona bila shida, ila mgeni atakutana na kisanduku kinachomtaka aombe ruhusa. Binti mmoja alituma maombi sehemu nne akiwa na ripoti zake zote katika hali hiyo, na nilipomwambia hazifunguki alinijibu kwa mshangao, “Mwalimu, mbona mimi naziona?” Alikuwa akisema kweli, kwa sababu alikuwa akiangalia kupitia akaunti yake. Tangu siku hiyo hatumalizi kikao kabla ya kila mmoja kuifungua tovuti yake kwenye simu ya mwenzake.

Kasoro ya pili si ya huduma yenyewe, lakini inamwumiza anayeitumia bila kujua. Vyuo vingi huwapa wanafunzi akaunti za barua pepe, na ni rahisi kuijengea tovuti humo. Chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kilizifunga akaunti za wahitimu bila wao kuelewa mapema nini kitapotea, na mwanafunzi wangu mmoja akaikosa tovuti yake wakati anwani yake ilikuwa tayari imechapwa kwenye wasifu aliousambaza. Potfolio ijengwe kwenye akaunti binafsi tangu siku ya kwanza.

Kuhusu simu, tovuti zinasomeka vizuri, na ukiwa unatengeneza kuna kitufe cha kuonyesha ukurasa utakavyokaa kwenye simu, tableti na kompyuta. Kuhariri, hata hivyo, kunahitaji kompyuta, na kwa mwanafunzi asiye na laptopu hilo ni gharama ya kweli: foleni ya maabara au fedha ya kibanda cha intaneti. Nafuu iliyopo ni kwamba kazi hujihifadhi yenyewe kila unapoandika, hivyo umeme ukikatika hupotezi mengi, na wageni hawayaoni mabadiliko mpaka utakapobonyeza kitufe cha kuchapisha.

Kwa wanaosomea programu ushauri wangu ni tofauti: waende GitHub Pages, huduma inayogeuza faili za kodi kuwa tovuti, ambayo nayo haina malipo kwa hazina (mahali faili hizo zinapohifadhiwa) iliyo wazi kwa umma na inaruhusu tovuti ya hadi GB 1. Mwajiri wa fani hiyo anataka kuiona kodi, na tovuti iliyojengwa kwa mkono ni sehemu ya ushahidi. Kwa wa kilimo, uhasibu, utalii au ualimu sioni sababu ya kuwapeleka huko.

Jambo moja ninalisimamia kwa ukali ni taarifa za watu. Nimekuta kurasa zenye namba ya kitambulisho cha NIDA, na picha za wagonjwa zilizopigwa wodini na mwanafunzi aliyetaka kuonyesha kwamba alikuwa kazini. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, mgonjwa yule hakuja hospitali ili awe pambo la ukurasa wa mtu. Kwa upande wa mwanafunzi mwenyewe, jina, fani na barua pepe vinatosha.

Mwisho ni suala la kudumu. Google Sites ilianza mwaka 2008, ikaundwa upya mwaka 2016, na toleo la zamani likaja kuzimwa, hivyo hakuna wa kumhakikishia mtu kwamba ukurasa wake utakuwepo hapo ulipo miaka kumi ijayo. Kila muhula unapofungwa huwaomba wanafunzi wahifadhi kurasa zao kwa PDF kwenye flashi, pamoja na picha za asili na faili za vipimo. Yule kijana wa mfongo ameiweka na ile karatasi ya daftari ndani ya bahasha ya plastiki.