Vipindi sita kwa hadithi ya kurasa tatu: uzoefu wangu wa tuisheni ya fasihi Mwanjelwa

Nililipa shilingi 30,000 kwa vipindi sita vya jioni, nyuma ya duka la steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya. Narudia mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kinachoniangusha ni swali la mtazamo wa msimulizi, yaani matukio tunayaona kwa macho ya nani. Nilizoea kuandika "imesimuliwa kwa nafsi ya tatu", nikaweka nukta nikaenda swali linalofuata.

Vipindi vyote sita tukasoma hadithi moja, "The Story of an Hour" ya Mmarekani Kate Chopin, iliyotoka katika jarida la Vogue mwaka 1894. Kopi yetu ilikuwa kurasa tatu. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani nikihisi nimeliwa hela.

Mke wa bwana Mallard ana ugonjwa wa moyo, kwa hiyo anaambiwa kwa uangalifu sana kwamba mumewe amekufa katika ajali ya treni. Analia, anajifungia chumbani, anakaa mbele ya dirisha lililo wazi, na hapo anatambua kwamba kinachomjia moyoni ni uhuru. Anaposhuka ngazi, mlango unafunguliwa na mume anaingia, mzima kabisa. Mke anakufa. Madaktari wanasema ameuawa na furaha.

Mwalimu alitupa kalamu mbili. Bluu tupigie mstari tunapoona kwa macho ya huyu mama, nyekundu tunapomtazama kwa macho ya watu wengine. Mwanzo ulikuwa mwekundu: dada yake, rafiki wa mume, ugonjwa. Chumbani ikawa karibu bluu tupu, vilele vya miti, shomoro, mchuuzi akinadi vitu barabarani. Mume alipoingia, nyekundu mpaka nukta ya mwisho. Tunaambiwa mume alishangaa, dada wa mke alipiga ukelele, rafiki alijaribu haraka kumkinga mume asionekane. Mke mwenyewe alihisi nini dakika ile? Hakuna hata neno. Nilikuwa nimeisoma mara nne na sikuliona pengo hilo. Wala sikuona kwamba jina lake, Louise, linatajwa kwa mara ya kwanza pale dada yake anapomwita kupitia tundu la ufunguo.

Kipindi cha nne tuliambiwa tuiandike upya kwa "mimi". Wote tulikwama mwishoni. Kijana mmoja wa Uyole akasema, "Mwalimu, marehemu hawezi kuhadithia." Mwalimu akamjibu, "Ndiyo hapo sasa. Nani amebaki kumsemea?"

Sikulala vizuri usiku ule. Baba alipofariki nilikuwa darasa la sita. Mama alikaa mkekani, na kila aliyeingia alimsemea: amechanganyikiwa, anawaza watoto, huyu ataolewa tu. Mimi nilimjua mama wa siku zile kwa maneno ya shangazi zangu. Jumamosi nikapanda Hiace mpaka Tukuyu, nikamkuta anachambua maharage, nikamuuliza, "Mama, wewe ulijisikiaje?" Tuliongea mpaka giza likaingia. Aliyoniambia ni yake, sitayaandika hapa.

Kasoro zipo. Kopi zilikuwa hafifu, mistari mingine tuliijaza kwa kuuliza. Umeme ulikatika mara mbili na kipindi hakikufidiwa. Kipindi kizima kilienda kwenye maisha ya mwandishi: baba yake alikufa katika ajali ya treni mwaka 1855, mumewe akafa 1882. Ni vizuri kuyajua, lakini wenzangu walianza kujibu kila swali kwa "kwa sababu baba yake alikufa kwenye treni", na mwalimu hakuwarekebisha mapema. Kwa maoni yangu jibu la swali la mtazamo linatafutwa ndani ya zile kurasa tatu, na anayesahihisha atataka kuona sentensi uliyoishikilia.

Kama unataka majibu ya kukariri, hapa utapoteza pesa yako. Kama unaweza kuvumilia kurasa tatu kwa wiki tatu, nenda, na beba sweta maana chumba kina baridi kali na dirisha halifungi. Awamu ijayo ni hadithi ya nafsi ya kwanza, ya mwanamke anayejiandikia kwa siri. Nimeshatanguliza nusu ya ada.